Emuleta si wizi, ila faili la gemu lina mwenyewe

Swali: Nina kaseti za SNES na Game Boy za tangu utotoni, pamoja na diski za PlayStation ya kwanza. Konsoli zenyewe zimekufa. Nimeweka emuleta kwenye kompyuta, lakini rafiki yangu mmoja anasema huo ni wizi, na mwingine anasema gemu likishaacha kuuzwa ni la kila mtu. Je, naweza kupakua ROM (mafaili ya magemu) za kaseti nilizo nazo? Na magemu yasiyouzwa tena je? Nikijaza magemu elfu kadhaa kwenye kompyuta ndogo ya kuchomeka kwenye TV nikaiuza, kuna ubaya gani ikiwa wenyewe hawayauzi?

Jibu: Marafiki zako wote wawili wamekosea, na chanzo ni kimoja: wanazungumzia emuleta, BIOS (msimbo wa kuwashia konsoli), faili la gemu na ufunguo wa kufuli kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa ufupi, emuleta haina kosa. Kaseti zako zisome mwenyewe badala ya kupakua. Gemu lisilouzwa bado lina mwenyewe kisheria, ingawa kimaadili hoja hubadilika. Na hicho kisanduku usikiuze.

Emuleta ni programu inayoiga kazi ya prosesa, chipu ya picha na chipu ya sauti za konsoli. Ikiwa walioiandika waliichunguza mashine na kuandika msimbo wao wenyewe, hakuna cha mtu kilichochukuliwa. Mahakama za Marekani zililipitia jambo hili mapema. Mwaka 1992, katika kesi ya Sega dhidi ya Accolade, Accolade walikuwa wameufumua msimbo wa magemu ya Sega ili kujua kaseti yao ifanye nini ikubaliwe na Genesis, konsoli ya Sega. Mahakama ya rufaa ilisema kunakili kwa ajili ya kuchunguza, pale ambapo hakuna njia nyingine ya kuyafikia mambo yasiyolindwa na hakimiliki, ni matumizi halali. Mwaka 2000 ikaja kesi ya Sony dhidi ya Connectix, waliotengeneza emuleta ya PlayStation kwa ajili ya kompyuta za Mac. Wahandisi wao walikuwa wamenakili BIOS ya Sony mara kadhaa wakati wa kazi, lakini bidhaa waliyoiuza haikuwa na msimbo wa Sony ndani yake. Connectix walishinda.

Kushinda huko hakukuwafikisha mbali. Sony iliinunua emuleta hiyo mwaka 2001 na kuiondoa sokoni. Bleem, emuleta nyingine ya PlayStation iliyokuwa imeishinda Sony kwenye rufaa kuhusu picha za matangazo, nayo ilifunga mwaka huohuo, gharama za mawakili zikiwa zimeimaliza. Kwa hiyo ukisikia emuleta fulani imefungwa, usikimbilie kusema mahakama imeiharamisha. Mara nyingi hakuna hukumu yoyote, pesa tu zimekwisha. Na kuna jambo la kuchekesha kidogo: mwaka 2018 Sony ilipouza PlayStation Classic, ndani yake iliweka PCSX ReARMed, emuleta huria iliyoandikwa na watu wa nje.

BIOS ni habari nyingine. Huo ni msimbo wa kampuni ulio kwenye chipu ya konsoli, na una hakimiliki kama gemu lolote. Ya PlayStation ya kwanza ina baiti 524,288 tu, ndiyo maana husambaa kirahisi na watu wakadhani ni sehemu ya emuleta. Emuleta makini haiji nayo. Inakuomba uiweke mwenyewe baada ya kuitoa kwenye konsoli yako. Konsoli iliyoharibika leza au sehemu ya umeme kwa kawaida chipu hiyo bado ni nzima, kwa hiyo usiitupe. Ipo pia BIOS mbadala iliyoandikwa upya, OpenBIOS, ingawa si kila gemu hutulia nayo. Kwa SNES na Game Boy hutakuwa na shida hii: SNES haina BIOS, na emuleta za Game Boy huiruka ile programu fupi ya kuwashia yenye baiti 256.

Mapambano makali ya siku hizi yako kwenye funguo. Konsoli kuanzia kizazi cha Wii husimba maudhui yake, yaani huyafunga kwa msimbo wa siri, na sheria ya Marekani ya mwaka 1998, DMCA, inakataza kuvunja kufuli la kidijitali hata kama nakala ni ya kwako. Hapo ndipo Nintendo ilipoibana Yuzu, emuleta ya Switch, mwezi Februari 2024. Haikujikita kwenye kunakili msimbo. Ilidai kwamba Yuzu haina kazi bila kufungua usimbaji, na kwamba gemu moja la Zelda lilipakuliwa zaidi ya mara milioni moja kabla halijatoka rasmi Mei 2023. Siku chache baadaye waliomiliki Yuzu walikubali kulipa dola milioni 2.4 na kufunga kila kitu, pamoja na Citra, emuleta yao ya 3DS. Dolphin, ya GameCube na Wii, ilikwama mwaka 2023 ilipotaka kuingia Steam, duka la magemu la mtandaoni, kwa hoja hiyohiyo: ndani ya msimbo wake mna ufunguo wa Wii. Kimaadili kesi hizi mbili haziko sawa hata kidogo. Wii ilikuwa imekwisha kuacha kuuzwa zamani. Gemu la Zelda lilikuwa la wiki hiyo, na watengenezaji wake walikuwa wakilitegemea. Sheria ya kufuli haioni tofauti hiyo, na hapo ndipo udhaifu wake mkubwa ulipo.

Wewe huguswi na hili. Maudhui ya SNES, Game Boy na PlayStation ya kwanza hayakusimbwa.

Sasa ROM za kaseti unazomiliki. Watu husema, "Ninayo kaseti, kwa hiyo naruhusiwa kupakua." Sheria haiendi hivyo. Inauliza nani alinakili, kutoka wapi, kwa ruhusa ya nani. Nakala ya mtandaoni haikutoka kwenye kaseti yako; mtu mwingine aliitengeneza na kuigawa bila ruhusa, na wewe kwa kuipakua umetengeneza nyingine. Ukitumia torenti hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu programu hiyo huwagawia wengine vipande wakati wewe unapokea, na mgawaji ndiye anayeshitakiwa. Lile dai kwamba unaruhusiwa kukaa na ROM saa 24 kisha ufute ni uzushi mtupu. Halimo kwenye sheria yoyote.

Hata kunakili kaseti yako mwenyewe hakukunyooka kila mahali. Kifungu cha 117 cha sheria ya hakimiliki ya Marekani kinamruhusu mwenye nakala ya programu kutengeneza nakala ya akiba. Lakini mwaka 1983, katika kesi ya Atari dhidi ya JS&A, kampuni iliyouza kifaa cha kunakili kaseti, mahakama iliona kwamba kifungu kile kililenga programu zinazoweza kufutika kwa hitilafu ya umeme au ya mashine, na kaseti ya ROM haimo katika hatari hiyo. Ukitazama kaseti za miaka 40 leo, hoja hiyo imechoka. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2009, unatambua nakala ya akiba ya programu, ila mahakama yake ilisema mwaka 2014 katika kesi ya Nintendo dhidi ya PC Box kwamba gemu ni zaidi ya programu: lina picha, muziki na hadithi, navyo vina ulinzi wake. Uingereza iliruhusu nakala za matumizi binafsi mwaka 2014, mahakama ikaifuta ruhusa hiyo mwaka uliofuata. Soma sheria ya nchi yako. Kinachobaki kote ni kwamba anayesoma kaseti yake chumbani kwake na asimpe mtu yuko mahali salama kuliko wote, kisheria na kimaadili, kwa sababu mwenye gemu amekwisha kulipwa na hakuna nakala iliyotoka nje.

Kwa hiyo zisome mwenyewe. Anza na kusafisha miguu ya shaba ya kaseti kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na pamba ya kijiti, ukisugua hadi pamba itoke safi, kisha uache ikauke. Usipulize kwa mdomo. Unyevu wa pumzi huharakisha kutu. Kwa Game Boy kuna visomaji vya USB kama GB Operator na GBxCart RW. Kwa SNES, Retrode au kile cha mradi huria wa Sanni, ambacho unaweza kukiunganisha mwenyewe.

Kitu cha kwanza kutoa ni hifadhi ya mchezo, kabla hujaigusa ROM. ROM iko kwenye chipu ngumu itakayokungoja, lakini hifadhi kwenye kaseti nyingi za zama hizo hushikiliwa na betri ndogo, kama CR2032 kwenye SNES. Betri ikiisha, au ukiibandua uweke mpya, maendeleo yako yote ya mchezo hufutika papo hapo. Toa faili la hifadhi, liweke mahali pawili, ndipo uendelee.

Kisha soma ROM mara mbili, ukiitoa kaseti na kuirudisha katikati, halafu linganisha SHA-1 (alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye faili) za mafaili mawili. Zikitofautiana, mguu mmoja haugusi vizuri. Rudi kwenye kusafisha. Zikilingana bado hujamaliza, kwa sababu mguu usiogusa kabisa hutoa kosa lilelile kila mara. Linganisha basi na orodha ya No-Intro, ambayo hutunza CRC32, MD5 na SHA-1 za kaseti zinazojulikana bila kugawa magemu yenyewe. Kwa Game Boy utaona dalili mapema: programu ya kisomaji husoma kichwa cha kaseti, yaani taarifa zake zikiwemo jina, na jina likitokea herufi za ovyo, usipoteze muda kusoma zilizobaki.

Watu wengi hukwama kwenye ukubwa. Kaseti zilitangazwa kwa megabiti, si megabaiti: ya megabiti 16 itatoa faili la baiti 2,097,152 kamili. Ukikuta faili la SNES limezidi kwa baiti 512, limewekewa kichwa (data ya ziada mwanzoni) cha vifaa vya zamani vya kunakilia. Gawa ukubwa kwa 1,024, na ikibaki 512 ndicho hicho. Kikate, la sivyo SHA-1 haitalingana kamwe. Na usishangae Super Mario RPG ikigoma kwenye kisomaji cha kawaida. Kaseti zenye chipu ya SA-1 hazijibu mpaka chipu ya kufuli ipate mapigo ya saa kama yale ya konsoli, na si kila kisomaji huyatoa.

Diski za PlayStation ya kwanza husomeka kwenye kiendeshi cha kawaida cha kompyuta. Kosa la kwanza la karibu kila mtu ni kutengeneza ISO, aina moja ya faili la nakala ya diski. ISO hubeba baiti 2,048 za kila sekta, wakati sekta nzima ina 2,352, na nyimbo za sauti zilizo kwenye diski haziingii kabisa; gemu litawaka, ila muziki utakuwa kimya. Chukua BIN, yenye sekta nzima, na CUE. CUE ni maandishi tu yanayotaja jina la BIN, hivyo ukibadilisha jina la moja bila kurekebisha ndani ya nyingine, emuleta haioni kitu. Ukitaka kubana nafasi tumia chdman inayokuja na MAME, emuleta ya mashine za magemu za kumbi: chdman createcd -i gemu.cue -o gemu.chd. Haipotezi data, na unaweza kurudi nyuma kwa extractcd. Orodha ya kulinganishia hapa ni Redump, ambayo hukagua kila wimbo peke yake. Wimbo wa data ukilingana lakini za sauti zikakataa, huenda diski haina tatizo. Viendeshi husoma sauti vikiwa vimesogea sampuli kadhaa, na lazima programu irekebishe msogeo huo. Baadhi ya diski za Ulaya zina ulinzi wa LibCrypt uliofichwa kwenye data za pembeni ambazo BIN haizibebi. Hizo zinahitaji faili dogo la SBI, vinginevyo gemu hugoma au huvurugika ukiwa umekwisha kulizama.

Nije kwa magemu yasiyouzwa tena. Sheria haina kundi la magemu yaliyotelekezwa. Gemu la kampuni lililotoka Marekani mwaka 1985, kama Super Mario Bros., linalindwa kwa miaka 95, yaani hadi mwisho wa 2080. Lakini biashara haifuati kalenda hiyo. Mwaka 2023 Video Game History Foundation ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya magemu ya kabla ya 2010 yaliyotoka Marekani hayapatikani sokoni. Mwaka huohuo, tarehe 27 Machi, Nintendo ilifunga maduka ya 3DS na Wii U.

Si kila mara ni uchoyo. GoldenEye 007 ya 1997 ilichukua hadi Januari 2023 kurudi, kwa sababu haki zake zilikuwa mikononi mwa wenye konsoli, wenye msimbo na wenye James Bond. No One Lives Forever imekwama kwa namna mbaya zaidi: kampuni kadhaa zinaweza kuwa na kipande cha haki, hakuna anayeona faida ya kupekua makabati yake, na waliotaka kulifufua walirudi mikono mitupu. Lakini mengine ni maamuzi ya wazi. Mbao za CPS-2 za Capcom, za mashine za magemu za kumbi, ziliwekwa funguo za kusimbua kwenye kumbukumbu inayoshikiliwa na betri, ili zisinakiliwe. Betri ikifa, ubao hauwaki tena, hata ukiwa wa mtu aliyeununua kihalali. Waliovunja usimbaji ule ndio waliookoa mashine hizo, na ni vigumu kuona walimkosea nani. Hata hivyo, Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuruhusu maktaba kuwapa watafiti magemu kama hayo kwa mbali, baada ya chama cha wenye viwanda vya magemu kupinga.

Mimi napima hivi. Gemu likiwa linauzwa leo, hata kwa sura mpya au ndani ya huduma ya kulipia kila mwezi, linunue. Kulipakua ni kumnyima mtu pesa yake. Likiwa halipatikani popote isipokuwa kaseti za mitumba, kumbuka kwamba mtengenezaji hapati kitu kwa kaseti hiyo, hivyo anayepakua nakala ya kucheza mwenyewe hamuumizi. Bado amevunja sheria, na asijidanganye kwamba hoja nzuri ya maadili ni kinga mahakamani. Kabla ya kusema gemu halipatikani, tafuta vizuri kwenye mikusanyiko mipya, Marvel vs. Capcom 2 iliondolewa madukani 2013 na ikarudi 2024. Na yapo magemu yaliyoachiliwa na wenyewe: Beneath a Steel Sky ni bure tangu 2003 kwa idhini yao.

Kuhusu kisanduku chako cha kuuza, hapo huna hoja hata moja. Unachouza si kompyuta ndogo. Mnunuzi anailipia kwa sababu ya magemu yaliyomo, na baadhi ya hayo elfu kadhaa bado yanauzwa na wenyewe kwa namna moja au nyingine. Tena utakuwa umewakosea walioandika emuleta: Snes9x, kwa mfano, leseni yake hairuhusu biashara. Sheria ya Marekani inaweza kutoza dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi iliyonakiliwa, na hadi 150,000 ikithibitika ni makusudi, nawe utakuwa umewaandalia orodha kamili kwenye menyu. Wasakaji wa hakimiliki huwafuata hasa wanaogawa na wanaopata pesa. Tovuti ya ROM ya LoveROMS iliishia na makubaliano ya dola milioni 12.23 mwaka 2018, RomUniverse ikahukumiwa dola milioni 2.1 mwaka 2021, na EmuParadise iliondoa magemu yake yenyewe bila kungoja kesi.

Ukitaka kufanya biashara halali hapa, uza kisanduku kitupu chenye emuleta ambazo leseni zake zinaruhusu, na mnunuzi aweke vyake. MAME ni huria tangu 2016, ingawa jina lake ni alama ya biashara na lina masharti. Unaweza pia kununua leseni kwa watu wanaotunga magemu mapya ya konsoli za zamani. Micro Mages ya NES ilitoka 2019. Tafsiri za mashabiki nazo husambazwa kwa adabu kwenye faili la BPS au IPS lenye tofauti tu, na mwenye kaseti huibandika kwenye nakala yake mwenyewe. Ukiona "tafsiri" imekuja na gemu zima ndani, iache.

Na siku ukiamua kuuza kaseti zako baada ya kuzisoma, nakala ziende na kaseti au zifutwe. Kifungu cha 117 kinasema hivyo wazi, kwa sababu ruhusa ya akiba imefungwa kwenye umiliki wa kaseti yenyewe. Mafaili ya hifadhi unaweza kubaki nayo.